DAWA SI NJUGU ZA KUGAWANA



Mfanyi kazi akirudi mara ya pili kuomba ruhusa ya ugonjwa, huambiwa: "Ninyi hamjui kutumia dawa." Haya, na tuliseme shauri hili wazi. Kosa liko pande mbili.

Kwanza waajiri. Mtu wa zamu ya usiku ana malaria. Atoka dispensari na bahasha iliyoandikwa tarakimu tupu, hakuna neno. Dawa ya malaria itumikayo sana hapa Kenya, artemether-lumefantrine, mtu mzima humeza tembe 4 kwa mara moja, mara 6, katika siku 3. Jumla ni tembe 24. Dozi ya pili ni masaa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, pamoja na chakula au maziwa. Je, aliyesimama penye mashine usiku kucha bila nafasi ya kula atazifuataje saa hizo? Na akiomba kupumzika, atishwa kufukuzwa!

Mabwana hawa wasome Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 30. Aliyetimiza miezi 2 mfululizo kazini, akileta cheti cha daktari, apewe siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Hiyo si sadaka. Ni haki.

Pili, sisi wenyewe. Homa ikishuka baada ya dozi mbili, tembe 16 zilizobaki hufungwa katika leso, akapewa jirani aumwaye kichwa. Jirani hakupimwa. Pengine hana malaria kabisa. Na kama anayo, hizo hazitoshi kumponya. Na wewe uliyempa, ugonjwa waweza kukurudia. Wawili mmekuwa wagonjwa kwa dawa ya mmoja. Kifua kikuu ni hatari zaidi. Dawa zake za kawaida ni za miezi 6, lakini kikohozi chaweza kupoa mapema sana. Anayeziacha njiani aweza kupata kifua kikuu sugu, akawaambukiza wenziwe wanaolala chumba kimoja. Wafanyi kazi tugawane mzigo, tusigawane tembe.

Tena msichanganye ovyo. Paracetamol ya miligramu 500, mtu mzima asizidishe tembe 8 kwa masaa 24. Dawa nyingi za mafua zina paracetamol hiyo hiyo ndani. Ukimeza zote pamoja waliumiza ini lako. Na dawa zote zifungiwe juu, mbali na watoto, mbali na jua na jiko.

Usiondoke dirishani kabla ya kuuliza: Dawa hii yaitwaje? Nimeze ngapi, saa ngapi, kwa siku ngapi? Nile kwanza? Yapatana na dawa nyingine nizitumiazo? Mwambie mtoa dawa kwamba wafanya zamu ya usiku. Kuuliza si ujeuri.

Wajumbe wa kila kiwanda walete madai matatu mbele ya waajiri: maagizo ya dawa yaandikwe kwa Kiswahili, mgonjwa apewe nafasi ya kula na kumeza dawa kwa saa yake, siku za ugonjwa zitolewe bila vitisho. Majibu yasomwe mbele ya wanachama wote katika mkutano ujao.