Machinjio si kambi

BARAZA LA JUMAMOSI
Na Mwanaidi Kombo

Mfugaji wa Kajiado anayepakia ng'ombe kwenye lori kwenda machinjioni Athi River anataka mambo mawili: mizani isiyodanganya na pesa yake kwa wakati. Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoanzishwa 1950, ilishindwa na hilo la pili. Ilifungwa, ikafufuliwa 2006, madeni yakaielemea tena. Septemba 2020 serikali ikaikabidhi Wizara ya Ulinzi.

Wengi walishangilia, na ninawaelewa. Mwanajeshi huamka mapema na hutii amri. Wakati huo Meja Jenerali Mohamed Badi alikuwa tayari anasimamia huduma za jiji la Nairobi, na kiwanda cha meli cha Kisumu kilikuwa chini ya wizara hiyo hiyo. Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta akafungua kiwanda cha bunduki Ruiru. Bunduki ni kazi ya ulinzi, sina neno. Nyama na taka za jiji ndizo zilizonitia hofu.

Kifungu cha 241 cha Katiba kinaliruhusu jeshi kuzisaidia mamlaka nyingine panapotokea dharura au maafa, na likishaitwa liripoti kwa Bunge la Taifa. Kuchinja ng'ombe si maafa.

Kisha itazame biashara yenyewe. Kambi za jeshi zilikuwa wateja wa tume hii tangu zamani. Mnunuzi akiwa ndiye muuzaji, bei itapangwa na nani? Na mfugaji akicheleweshewa malipo? Kwa meneja raia atakwenda na mbunge wake na waandishi wa habari, adai haki yake kwa sauti. Mbele ya mlinzi mwenye bunduki getini, sauti hiyo hukauka kooni.

Januari 17, 1961, siku tatu kabla ya kuondoka madarakani, Rais Dwight Eisenhower aliwatahadharisha Wamarekani wasiuache muungano wa jeshi na viwanda vya silaha ujipatie nguvu kupita kiasi serikalini. Alikuwa jenerali. Jeshi alilijua kwa ndani, na alilipenda.

Nami nawaheshimu askari wetu walioko msitu wa Boni. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na sisi tumesifu bila kukagua. Tume ilikosa meneja wa kuwajibishwa, hesabu za wazi na malipo ya mfugaji. Hayo tuyadai kwa raia mwenzetu, ambaye akikosea tutamfukuza mchana kweupe bila kuogopa.