Tusiwaachie watoto zimwi, tukawanyima hadithi



Mvua za masika zinapoanza, watu wa Morogoro hutazama juu. Wingu zito likishalala kwenye Milima ya Uluguru, kila mmoja anajua usiku utakuwaje. Radi hupiga, mito huvuma, na katika nyumba za Mgeta, Matombo, Kinole na hata mjini, mtoto wa miaka minne au mitano huamka akilia. Je, mtu mzima aliyelala karibu naye humwambia nini?

Wengi wetu jibu tunalo, maana na sisi tuliambiwa: “Nyamaza, zimwi litakusikia.” Mchana maneno hubadilika kidogo. Asiyetaka kula huambiwa ataitiwa askari. Anayelia huambiwa daktari atamchoma sindano. Na kweli, mtoto hunyamaza. Lakini kunyamaza si kutulia. Mtoto aliyekuwa na hofu moja ya radi sasa anazo mbili, na tena amejifunza kuwa akilia hatasaidiwa, ataongezewa.

Tusiwasingizie wazee wetu. Ni kweli zimwi lilikuwamo katika hadithi zao, lakini halikuwa peke yake. Wengi tunaikumbuka ile ya msichana aliyekamatwa na zimwi, akatiwa ndani ya ngoma, akawa anazungushwa kijiji hadi kijiji huku akilazimishwa kuimba. Siku moja zimwi likafika kijijini kwao bila kujua. Ngoma ikapigwa, msichana akaimba, na mama yake akaitambua sauti. Zimwi likalishwa na kunyweshwa hadi likalala, mtoto akatolewa, na ngoma ikajazwa nyuki. Husimuliwa kwa namna nyingi, lakini mwisho ni huo: sauti ya mtoto ilisikika, na waliompenda wakaja.

Mtoto aliyesikiliza hadithi hiyo mapajani kwa bibi yake aliogopa, ndiyo. Lakini aliogopa akiwa ameshikwa mkono, na alilala akijua kuwa zimwi lilishindwa. Sisi tumefanya nini? Tumelichukua zimwi, tukaiacha hadithi. Tumebaki na kitisho kisicho na mama wala wokovu.

Biblia nayo haiwafichi watoto hofu. Goliathi ni mkubwa kweli, na jeshi zima la Israeli linamwogopa. Dhoruba ya ziwani ni ya kweli, na mashua inajaa maji. Tena katika Marko 4 tuangalie utaratibu wa Bwana Yesu: kwanza aliukemea upepo, ndipo akawauliza wanafunzi wake kuhusu hofu yao. Hakuwaacha wazame ili awafundishe imani. Wazazi wengi tunafanya kinyume. Baba anatoka usiku na tochi kuangalia mfereji, anarudi miguu imelowa, halafu anamwambia mtoto, “Hakuna kitu, lala.” Mtoto ameiona miguu ile. Ingefaa zaidi kumwambia: “Mvua ni kubwa, mwanangu. Nimeangalia, maji yanapita vizuri. Yakizidi, nitakubeba twende kule juu kwa shangazi. Sasa njoo nikusimulie.”

Lakini hadithi ambayo kila mzazi angeisoma upya ni ya Samweli, katika 1 Samweli sura ya 3. Mtoto amelala, anasikia sauti gizani. Anakimbia kwa mzee Eli. Eli anamwambia hakumwita, arudi kulala. Anakuja mara ya pili, anarudishwa. Anakuja mara ya tatu. Eli ni mzee, macho yamefifia, usingizi wake umekatizwa mara tatu, lakini hamkaripii wala hamtishi. Safari ya tatu anaelewa kuwa mtoto amesikia kitu cha kweli, na anampa maneno ya kusema.

Haikuishia hapo. Asubuhi Samweli aliogopa kumweleza Eli aliyoyasikia, kwa sababu habari yenyewe ilikuwa mbaya na iliihusu nyumba ya Eli mwenyewe. Ndipo Eli akamwita, akamsihi asimfiche neno lolote. Akasikiliza hadi mwisho.

Mpendwa msomaji, hapa ndipo jambo hili linapokuwa zito kuliko usingizi wa usiku mmoja. Mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu anayemfahamu: jirani, ndugu, mgeni aliyezoeleka. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini kwa mtoto anayedhulumiwa nyumbani methali hiyo si faraja. Na silaha ya kwanza ya mtu wa namna hiyo ni maneno yale yale tuliyomzoesha mtoto sisi wenyewe: “Ukisema, utaona.” Mtoto aliyefundishwa kuwa hofu hunyamaziwa, atanyamaza.

Tazama pia tunavyowafungia milango. Serikali imeweka Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Ipo simu namba 116, isiyo na malipo, kwa ajili ya watoto na kwa yeyote mwenye habari za mtoto anayeteswa. Zipo zahanati na hospitali. Sasa mtoto ambaye tangu utoto ameambiwa askari ni wa kumkamata na daktari ni wa kumchoma, siku akiumizwa atamkimbilia nani?

Morogoro inajua kuwa yapo ya kutisha yasiyo ya kubuni. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka na kulipuka Msamvu, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Wapo watoto waliokua bila baba au kaka kwa sababu ya siku ile. Mtoto wa namna hiyo hatuwezi kumwambia kuwa hakuna kitu. Hatuwezi pia kumwahidi kuwa halitatokea lolote tena. Tunachoweza kumpa ni hadithi ya kweli: aliyeondoka alikuwa nani, alipenda nini, na nani amebaki wa kumlea. Hadithi haifuti msiba, lakini humwonyesha mtoto kuwa msiba si neno la mwisho, na hiyo ndiyo imani yetu ya Pasaka.

Basi wazazi, walezi na walimu wa shule ya Jumapili, tufanye machache. Tusimulie mchana au jioni mapema, mtoto akiwa ametulia, si radi inapopiga tu. Tusikate hadithi katikati. Goliathi asiachwe amesimama. Tumuulize mtoto: wewe ungefanya nini? Ungemwita nani? Jibu lake litatuambia anachokiogopa, na pengine anayemwogopa. Akilitaja jina tusilotegemea kulisikia, hata kama ni la mtu wa nyumba yetu, tumkumbuke Eli, tusimnyamazishe. Na tuache kuwatishia kwa shetani na moto bila kuwaambia habari za Mchungaji anayemtafuta kondoo mmoja aliyepotea.

Hayo hayahitaji fedha. Yanahitaji simu iwekwe pembeni kwa robo saa, na mtu mzima aliye tayari kukatiziwa usingizi mara tatu.

Bwana atupe masikio ya kuzitambua sauti za watoto wetu, hata zikitoka ndani ya ngoma. Jumapili njema.