Mwenye Mti ni Nani?



Kupanda miti kumekuwa wimbo wa kila mtu siku hizi. Mikutano ya wakulima huanza na miti na kumalizika na miti, na mgeni aingiapo kijijini kwa gari, mara nyingi huwa na miche nyuma. Mimi siipingi miti. Ninalotaka kusema katika ukurasa huu ni kwamba kazi hii twaianza mkiani badala ya kichwani: twampa mkulima mche kabla ya kumwambia mti utakuwa wa nani. Nitaeleza kwa habari za Nchelenge, katika nchi ya Zambia, ambako kazi yangu imenikalisha misimu miwili ya mvua.

Nchelenge ni wilaya ya jimbo la Luapula, ukingoni mwa ziwa Mweru upande wa mashariki. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Chakula cha watu wa huko ni ugali wa muhogo na samaki. Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wapate kuzaa. Miezi hiyo mitatu ndiyo miezi ya mvua, na mvuvi hana budi kushika jembe. Basi shamba likimwangusha, hana pengine pa kukimbilia.

Sote twakumbuka ukame wa msimu wa 2023 na 2024. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema aliutangaza kuwa msiba wa taifa, maana wilaya 84 kati ya 116 zilikuwa zimepatwa. Sehemu za kusini na za kati ndizo zilizoumia zaidi. Kaskazini, ilipo Luapula, mvua ya mwaka kwa kawaida hupita milimita 1,000, na shida ya mkulima wa huko ni ya namna nyingine. Maji mengi huzamisha chakula cha mimea chini sana, pasipofikiwa na mizizi ya mahindi, na udongo hubaki mchachu. Hali ya hewa inapobadilika, mvua ikachelewa na kisha ikaja kwa fujo, udongo ulio uchi ndio unaokwenda na maji.

Wazee wa kaskazini mwa Zambia walikuwa na dawa yao, iitwayo chitemene. Walikata matawi ya miti katika eneo kubwa kuliko shamba lenyewe mara kadhaa, wakayarundika mahali pamoja na kuyachoma, kisha wakapanda ulezi katika majivu. Majivu yalipunguza uchachu na kuupa udongo nguvu. Baada ya miaka michache walihama, wakauacha msitu upone kwa miaka ishirini au zaidi. Haukuwa ujinga, kama walivyodhani wageni wengi. Lakini njia hiyo yataka watu wachache na msitu mwingi, na leo watu ni wengi, tena miti hukatwa kwa makaa na kwa kukaushia samaki. Msitu haupati tena miaka yake ya kupumzika.

Hapo ndipo kilimo mseto kinapofaa, yaani kupanda miti na mazao katika shamba moja. Mizizi mirefu ya mti huvuta juu kile ambacho mvua imekizamisha, na majani yakianguka hulifunika shamba na kulilisha. Lakini si kila mti unafaa kila mahali. Huko kusini wakulima wanausifu mti uitwao musangu, ambao hupukutisha majani wakati wa mvua, hata mahindi chini yake hayakosi jua. Katika jimbo la Mashariki, wataalamu wa kituo cha Msekera, karibu na Chipata, waliwafundisha wakulima kupumzisha shamba kwa miaka miwili chini ya vichaka vya jamii ya kunde, ambavyo huvuta naitrojeni kutoka hewani. Mahindi yakafuata, yakazaa vizuri bila mbolea ya dukani. Kimojawapo cha vichaka hivyo ni utupa. Watu wa maziwani wanaujua sana, kwa kuwa ndio uliokuwa ukitwangwa na kutiwa majini ili samaki walevuke. Sheria imekataza uvuvi wa sumu, na ni haki. Lakini mmea ule ule ulioharibu ziwa waweza kutengeneza shamba, na mbegu zake hupandwa moja kwa moja ardhini bila kitalu.

Kama elimu ipo, mbona mashamba mengi bado ni matupu? Nimeona miche ikigawiwa na chama kimoja, ambacho sitakitaja jina. Picha zilipigwa, watu wakapiga makofi. Mwaka wa pili nilipopita, miche karibu yote ilikuwa imekufa. Wenye mashamba walilaumiwa kuwa ni wavivu. Lakini watu hao hao hupalilia muhogo wao jua kali! Tofauti ni kwamba muhogo ni wao bila shaka yoyote. Mti unakaa miaka mingi, na katika miaka hiyo mume aweza kufa, ndugu zake wakamfukuza mjane, au mwenye fedha akaja kulitaka shamba. Ardhi nyingi ya Luapula ni ya mila, chini ya machifu, na wengi hawana hati wala ushahidi ila neno la mzee wa kijiji. Tena Sheria ya Misitu ya mwaka 2015 yasema kwamba miti iliyosimama katika ardhi za mila imo mikononi mwa Rais kwa niaba ya taifa, mpaka itolewe kwa njia ya sheria. Sisemi kwamba serikali inakuja kuvuna maembe ya mtu. Nasema kwamba mkulima ambaye hajaelezwa maana ya maneno hayo ana haki ya kusitasita.

Tazameni Kilimanjaro. Katika kihamba, miti mirefu iko juu, migomba chini yake, na kahawa chini ya migomba. Mchagga hupanda mti atakaouvuna mjukuu wake kwa sababu anajua kihamba kitarithiwa. Tazameni tena Niger. Zamani miti yote ilihesabiwa kuwa mali ya serikali, na mkulima alipoona chipukizi shambani aling'oa. Tangu miaka ya 1980 watu wa Maradi na Zinder walianza kuitunza miti inayochipua kwenye visiki kama mali yao wenyewe, na leo kiasi cha hekta milioni 5 zina miti tena.

Neno hili linawagusa zaidi ndugu zetu wa Mantapala. Wakongo wengi walivuka mpaka mwaka 2017 kukimbia vita, na mwezi wa Januari 2018 makazi hayo yalifunguliwa katika wilaya ya Nchelenge, watu wakapewa viwanja vya kujenga na kulima. Kiswahili utakisikia huko kila siku. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwa hapa au kwao, utamwambiaje apande mti wa miaka kumi?

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Urefu wa maisha ya mti ulingane na urefu wa haki ya mpandaji. Aliyeahidiwa miaka miwili au mitatu apewe mbegu za utupa, apate faida yake kabla hajaondoka. Ukitaka apande mwembe au mti wa mbao, kwanza chifu na wazee wakae mbele ya kijiji, waandike kwamba mti ni wa aliyeupanda, na akifa ni wa mjane na watoto wake. Kazi hiyo ifanywe kabla ya Desemba, ili ziwa likifungwa watu wapande mara moja.

Wako watakaosema kwamba wenye njaa hawawezi kungojea karatasi. Nawajibu kwamba mche uliokufa haujamshibisha mtu bado, na kikao cha wazee ni kazi ya siku moja.

Nanyi wanafunzi, mtakapokwenda likizo, waulizeni wazazi wenu shamba ni la nani, limeandikwa wapi, na mama atabaki na nini baba akiondoka. Mkipata jibu, ndipo mtafute miche.