Mafuta ni ghali, lakini tusilipe kwa roho za watu

Ninyi jamaa mliohama makwenu na kupita ziwani na watoto na magodoro, leo ninasema juu ya esansi na mazutu ya maboti yetu ya Ziwa Kivu.

Kunako tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, hapa Goma. Ilikuwa boti ya watu 80 hivi, nayo ilibeba zaidi ya 200. Watu waliokuwa wakiwangojea ndugu zao ufukweni waliona kwa macho. Siku zile barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na vita, na ziwa ndilo lilikuwa barabara.

Ukimuuliza mwenye boti kwa nini anajaza hivyo, atakujibu: mafuta ni ghali. Na kweli ni ghali. Safari moja ina gharama yake hata boti ikiwa nusu tupu, basi kila mtu anayeongezwa ni faida. Ninaelewa hesabu hiyo. Ninaikataa kwa sababu faida anaipata mmoja, na hatari wanaibeba wengine.

Tena, kuna njia nyingine ya kupunguza mafuta: kupunguza mwendo.

Angalieni wazungu wanaovuka bahari kwa mashua zao wenyewe. Wana pesa, lakini mashua ya mita 12 inakwenda kilometa 11 hivi kwa saa, basi. Wanajua kwamba boti nzito ikilazimishwa kukimbia, maji yanaikataa, na mashini inakunywa bure. Kwa boti ya namna hiyo, mafuta ya kila kilometa yanapanda kuliko mwendo wenyewe: ukizidisha mwendo mara mbili, mafuta yanaweza kufika mara nne.

Tuleteni hesabu hiyo Kivu. Tuseme boti nzito ya mbao inafanya kilometa 40 kwa mwendo wa 12 kwa saa na kumaliza lita 60. Ikishuka hadi 9 kwa saa, inaweza kutumia lita 35 hivi. Wasafiri watachelewa kama saa moja. Lita 25 zinabaki katika bidoni. Je, si bora kuliko kuongeza watu juu ya mizigo? (Zile boti ndogo za mbio, zinazoinuka juu ya maji, hesabu yake ni nyingine.)

Na uzito pia unakula mafuta. Boti iliyojazwa inazama chini zaidi, na mashini inasukuma maji mengi zaidi. Tumbo la boti likiota majani, ni vilevile. Kulisafisha hakuhitaji dola nyingi.

Lakini tusimwachie mwenye boti peke yake. Wanaosimamia bandari nao wanakata kodi. Boti inayobeba hesabu yake ya watu, yenye jile kwa kila mmoja, ipunguziwe kodi hizo. Inayozidisha isiondoke, hata kama mwenyewe anajuana na wakubwa. Na kwa kuwa mwendo wa pole unataka muda, maboti yaondoke asubuhi, si jioni wakati upepo unaanza kuchezea maji.

Nanyi mama zangu, baba zangu, ninajua mtu anayekimbia risasi hachagui boti. Siwalaumu. Lakini siku ambayo hakuna risasi nyuma yenu, mkiona boti imeshiba, ngojeni ya pili. Mtafika mmechelewa. Waliokuwa wakingoja pale Kituku siku ile wangefurahi sana kuwapokea waliochelewa.