Neno Moja, Kazi Nyingi

Makarani wenzetu wengi wamejifunza Kiingereza kwa orodha: neno upande mmoja, maana yake upande wa pili. Sisi twaona njia hiyo haitoshi. "Leave" katika orodha ni tendo, yaani kuondoka au kuacha. Katika barua za ofisi mara nyingi ni jina, yaani likizo. Mkubwa akiandika "Please minute and file", hataji dakika wala faili, bali aagiza matendo mawili: andika maelezo mafupi, kisha hifadhi. Asiyefahamu hayo huduwaa, na barua ya mtu aliyeomba haki yake hulala mezani.

Kiswahili hutangaza kazi ya neno mwanzoni na mwishoni mwake: andika, mwandishi, maandishi. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na miisho yake: "lufu" ni upendo, "lufian" ni kupenda. Miisho ilipopotea, yote mawili yakawa "love".

Basi yatupasa kumtazama jirani wa neno. Likifuata "the", mara nyingi ni jina; likifuata "to", mara nyingi ni tendo. Nao wafundishao vijana wetu wawape sentensi nzima, si neno pweke.