Faili ya Wakulima Haitoshi Kulindwa na Pini Peke Yake

Chukua kiwanda kidogo cha mala na yogati hapa Kedowa, chenye wafanyakazi sita. Asubuhi maziwa yanapimwa, lita zinaandikwa, na mwisho wa mwezi wakulima wanalipwa kwa simu. Malipo hayo yanategemea faili moja kwenye kompyuta: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, lita, na deni la dawa za ng'ombe kama lipo.

Mashine ya kuchemsha maziwa ikigoma, fundi anapigiwa saa hiyo hiyo. Kompyuta ikigoma inatiwa kwa begi, inapelekwa Kericho mjini kwa kijana fulani, na neno la siri limebandikwa juu yake kwa karatasi. Inakaa huko siku tatu. Nani ameifungua? Hakuna anayeuliza.

Sisi wa malipo ya simu tumezoea kumwambia mteja alinde pini yake, na tutaendelea kumwambia. Lakini mwizi aliye na faili ile haanzi na pini. Anapiga simu: "Habari mama, ni kiwanda. Mwezi huu ulituletea lita 212, malipo yamekwama kidogo. Nisomee zile namba zimeingia kwa simu yako sasa hivi." Mtu anayejua lita zako kamili, utamshukuje? Ndiyo maana nasema mzigo huu haufai kumwangukia mkulima peke yake. Mwenye kiwanda naye ana sehemu yake.

Wengine husema sheria ni ya makampuni makubwa. Si kweli. Biashara yenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida hailazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini Sheria ya Kulinda Data ya 2019 bado inaibana. Septemba 2023 Kamishna aliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Hiyo ni shule, si benki. Na data zikivuja kwa njia inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna anafaa kujulishwa ndani ya saa 72.

Jambo la kwanza ningefanya halina gharama: kupunguza. Kumlipa mtu kwa simu kunahitaji nambari yake na jina la kuhakikisha ni yeye. Zile picha za vitambulisho zilizojaa kwa kompyuta ni za kazi gani? Kama hakuna jibu, zifutwe. Halafu ile tabia ya kupiga picha orodha ya malipo na kuirusha kwa grupu ya WhatsApp "ili kila mtu aone" iishe. Kila mtu ameona, pamoja na yule aliyefutwa kazi mwaka jana na bado yuko kwa grupu.

Fundi atengenezee kompyuta kiwandani, mtu akiwa hapo. Nakala ya faili ikae kwa flashi iliyofungiwa mahali pengine, maana stima ikirudi kwa nguvu inaweza kuondoka na kompyuta. Kwenye till, kama huduma yako inaruhusu, kila mhudumu awe na pini yake, na akiacha kazi atolewe siku hiyo hiyo.

Najua, fundi wa kuaminika anataka pesa. Lakini si lazima umwajiri. Viwanda viwili vitatu kati ya Kedowa na Londiani vinaweza kugawana fundi mmoja, aje mara moja kwa mwezi, na makubaliano ya maandishi kwamba hatoki na data ya mtu.

Na wewe unayepeleka maziwa, sheria inakupa haki ya kuuliza kiwanda kina habari gani zako, na zilizo na makosa zirekebishwe. Ukienda kuchukua risiti zako mwisho wa mwezi, uliza pia ni nani mwingine anaiona hiyo faili.