Huduma ya kukwamuliwa barabarani: Mwenye gari wa Malindi alipie au aache?

SWALI lenyewe huulizwa dakika za mwisho, wakala wa bima akiwa tayari ameshika kalamu: je, mteja ataongeza pesa kidogo ili gari likiharibika njiani aje mtu wa kumkwamua? Wengi katika miji ya Malindi, Watamu na Kilifi hujibu haraka. Wapo wanaokubali ili kujiondolea hofu, na wapo wanaokataa wakidhani wakala anatafuta cha juu. Ni nadra kumpata aliyeuliza kwanza gari la kumkokota litatoka wapi.

Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani kwamba huduma hiyo wanayo tayari. Bima inayolazimishwa na Sura ya 405 ya sheria za Kenya ni ile ya mtu wa tatu, inayomlinda anayeumizwa au kuuawa na gari. Haimhusu mwenye gari aliyekwama Matsangoni rejeta ikitoa mvuke. Hata bima kamili, ambayo huuzwa kwa bei ya juu zaidi, kwa kawaida hulipia kukokotwa kwa gari baada ya ajali tu, tena kwa kiwango kilichoandikwa katika mkataba. Injini ikizima yenyewe, hiyo si ajali, na gharama humrudia mwenyewe.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na huduma ya uokoaji. Chama cha wenye magari cha AA Kenya, ambacho historia yake inaanzia mwaka wa 1919, huwapa wanachama wake huduma hiyo. Kampuni za bima nazo huiongeza kwenye bima kamili, nyingine kwa malipo ya ziada na nyingine bila malipo. Kwa hivyo kuna watu wanaoilipia mara mbili bila kujua, kwa kuwa hati ya bima hufungiwa sandukuni kabla ya kusomwa.

Tuchukue mfano wa ada ya Sh5,000 kwa mwaka, na gharama ya kukokotwa mara moja iwe Sh15,000. Mwenye gari linaloharibika mara moja kwa miaka mitatu hapati wala hapotezi. Lenye kuharibika kila mwaka lina faida kubwa, ila mikataba huweka kikomo cha idadi ya safari za uokoaji, na baadhi huyakataa magari yaliyochakaa. Anayeihitaji zaidi ndiye anayewekewa masharti mengi zaidi; ndivyo biashara ya bima ilivyo popote duniani.

Lakini Pwani hesabu haiishii kwenye shilingi. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni takriban kilomita 120, Kilifi ikiwa karibu katikati. Tangu daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka wa 1991, hakuna tena foleni ya kungojea feri. Mchana, mtu aliyepata pancha Gede au aliyeishiwa na betri Takaungu atampigia fundi anayemfahamu, naye atafika kwa bodaboda akiwa na jeki na nyaya zake, alipwe kwa simu, na safari iendelee. Kwa matatizo madogo ya mchana, huduma ya kulipiwa inashindana na fundi huyu, na mara nyingi hushindwa kwa sababu ya muda.

Usiku mambo hubadilika. Barabara inayopita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke si mahali pa kumsubiri fundi aliyekwisha kulala. Isitoshe, madereva wetu wamezoea kuweka matawi ya miti badala ya pembetatu ziakisizo mwanga, na lori lililokwama gizani bila taa ni hatari kwa anayelifuata. Hapa anayelipia ada hanunui kukokotwa tu. Ananunua kuondolewa barabarani mapema, yeye na watoto walio ndani ya gari.

Ukishavuka daraja la Sabaki kuelekea Garsen, swali hugeuka tena. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, magari kati ya Garsen na Lamu yalilazimika kusafiri kwa misafara yenye ulinzi wa polisi. Mnamo Novemba 2023, na tena katika mafuriko ya mwaka wa 2024, maji ya Mto Tana yaliikata barabara hiyohiyo sehemu za Gamba. Hakuna mkataba unaoweza kulivusha gari la kukokota katika maji kama hayo. Vivyo hivyo kwa anayeelekea lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki: huko vijiji vimetawanyika, magereji ni haba, na huduma ingefaa sana, iwapo itafika.

Kwa mfanyakazi anayeendesha kati ya nyumbani na ofisini mjini Kilifi, basi, ada hiyo inaweza kusubiri, mradi ana gurudumu la akiba lenye upepo na nambari ya fundi. Anayesafiri usiku kwenda Mombasa, au mwenye pikapu ya kupeleka bidhaa Garsen, ana sababu ya kulipa. Ila kabla ya kutia sahihi, na amtake wakala amwoneshe kwa maandishi mambo mawili: mji ambako gari la kukokota huegeshwa usiku, na idadi ya kilomita zinazolipiwa. Garsen na Malindi zimetenganishwa na zaidi ya kilomita 100. Mkataba ukikomea kilomita 50, nusu ya pili ya safari itajadiliwa kando ya barabara, gizani, na bei itatajwa na yule mwenye mnyororo.